Daftari la Marehemu

Kila mmoja wetu amepata kusimama kando ya kaburi akasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa. Maneno yake twayajua kabla msomaji hajafungua kinywa: alizaliwa mwaka fulani, akasoma mahali fulani, akaajiriwa, akastaafu, akaugua, ameacha mjane na watoto na wajukuu. Kisha huongezwa kwamba alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu. Udongo hutiwa, mashada huwekwa, watu hurudi nyumbani, na karatasi ile hubaki katika mfuko wa koti la aliyeisoma. Ukiitafuta baada ya mwaka mmoja, huipati.

Hatusemi haya kwa kuwadhihaki waliofiwa. Mwenye msiba ana mengi ya kushughulika nayo, na karatasi hiyo mara nyingi huandikwa usiku wa manane na mtu aliyechoka kwa machozi. Lakini jambo lenyewe lazusha swali ambalo yafaa kila jamaa ilifikiri kabla msiba haujabisha hodi. Je, kumkumbuka marehemu ni hisani tu, ambayo twaweza kumtendea au kutomtendea kama tupendavyo? Au ni haki yake, na sisi tuliobaki ni wadeni wake?

Sisi twaona kwamba ni haki. Jina la mtu ni mali yake, tena ni mali aliyoichuma kwa maisha yake yote. Akiwa hai aweza kulitetea mwenyewe. Akifa hawezi tena. Basi kama mali ya yatima ilivyo na haki ya kulindwa zaidi kwa sababu yatima ni mnyonge, ndivyo na jina la marehemu, maana hakuna mnyonge kuliko aliyelala kaburini. Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na kwa wale waliotuzaa, wajibu huo ni mzito zaidi. Amri ya nne haikomi siku ya maziko.

Haki hii yaweza kuvunjwa kwa njia tatu. Ya kwanza twaijua sote: kumsingizia marehemu mabaya asiyoyatenda. Ya pili hatuioni kuwa kosa, nayo ni kumsingizia mema asiyoyatenda. Mtu aliyekuwa mkali twamwita mpole; aliyekuwa mbahili twamwita mkarimu. Twadhani tumemheshimu, kumbe tumemzika mara mbili, kwa kuwa yule tunayemsifu si yeye, ila ni mtu mwingine tuliyemtunga sisi, na yeye mwenyewe amekwenda zake bila kutajwa. Njia ya tatu ndiyo ya kawaida kuliko zote: kunyamaza. Hatumsemi kwa baya wala kwa jema, twamwacha apotee.

Wako watakaouliza: Je, kweli yote isemwe? Aibu za siri zitangazwe? La hasha. Dhambi ya siri ya mtu hatuna ruhusa ya kuitoa nje, awe hai au amekufa, isipokuwa kama kuificha kwamdhuru mwingine. Lakini yako mambo ambayo si siri wala si dhambi ya mtu peke yake. Ni mambo ya nyakati alizoishi, ya vita alivyopigana, ya mabwana aliowatumikia. Hayo twayaficha kwa sababu yatutia haya sisi, si kwa sababu yamdhuru yeye. Na hapo ndipo penye shida.

Tutoe mfano wa mtu mmoja. Hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa mfalme wala mkuu wa serikali. Alikuwa askari, kisha karani, kisha mfanya biashara, na baba wa watoto. Jina lake ni Kleist Sykes, naye alifariki mwaka 1949. Mjini Dar es Salaam, upande wa Gerezani na Kariakoo, uko mtaa wenye jina lake. Zamani uliitwa Mtaa wa Kipata. Kila siku watu wengi hupita hapo wakienda kununua na kuuza, na wachache mno waweza kukuambia alikuwa nani.

Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Tuutazame vizuri mji huo na mwaka huo. Miaka mitano tu kabla yake, mnamo Desemba 1889, Abushiri bin Salim aliyewapinga Wadachi pwani alinyongwa mjini humo humo Pangani. Na jeshi lililomshinda lilikuwa la Hermann von Wissmann, ambaye baadhi ya askari wake aliwaajiri kutoka Msumbiji. Mmoja wa askari hao alikuwa Sykes Mbuwane, mtu wa upande wa Inhambane, naye ndiye baba yake Kleist. Hata jina alilopewa mtoto lilikuwa la Kidachi. Kwa maneno mengine, jamaa hii haikuja katika nchi yetu kama wageni wenye kuomba hifadhi. Ilikuja pamoja na bunduki ya mshindi.

Je, jambo hilo lisemwe au lifichwe? Mwenye kupenda sifa tupu angeliruka haraka. Mwenye chuki angelishika hilo peke yake, akasema: hawa ni watoto wa walioitia nchi utumwani. Wote wawili wangemdhulumu marehemu. Mtoto hachagui nyumba atakayozaliwa wala jeshi alilotumikia baba yake. Lakini pia hawezi kueleweka kama nyumba hiyo hukuijua.

Baba yake alikufa mtoto akingali mdogo. Aliyemlea ni rafiki wa baba, Effendi Plantan, naye askari kutoka Msumbiji, ambaye alimweka pamoja na watoto wake mwenyewe. Tunaomba wasomaji wasilipite hili upesi. Twasema juu ya mtu aliyesifiwa kuwa baba mwema; basi ubaba huo aliupata kwa nani? Aliupata kwa mtu asiyekuwa baba yake. Katika wasifu wetu wa makaburini, mlezi hatajwi. Hutajwa waliozaa, hawatajwi waliolea. Shangazi aliyegawa ugali wake mara sita badala ya tano hana mstari wake katika karatasi ile. Hilo nalo ni deni lisilolipwa.

Kijana alikua, akajifunza Kidachi na kazi ya uandishi, naye akawa askari kama baba yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, alikuwa upande wa Wadachi chini ya Jemadari von Lettow-Vorbeck. Vita hiyo ilizunguka nchi nzima, ikaingia Msumbiji, ikarudi, na haikumalizika mpaka jeshi lile lilipoweka silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kusimama Ulaya.

Twapenda kuwasifu askari kwa ushujaa, na kweli ushujaa ni fadhila. Askari mwenye kutembea siku nyingi bila chakula cha kutosha, bila kumwacha mwenziwe, amefanya jambo ambalo wengi wetu hatungeliweza. Lakini ushujaa wa mtu ni jambo moja, na haki ya vita anavyopigana ni jambo jingine. Vita ile haikuwa yetu. Mataifa ya Ulaya yaligombana kwao, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika walikufa kwa njaa, homa na kuhara wakibeba mizigo ya wagombanaji. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na jeshi la wapagazi la Waingereza. Huko Ugogo, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe na nafaka, ilikuja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ikaua watu wengi mno. Wake na watoto wa askari nao walifuatana na safu za jeshi la Wadachi, wakipika, wakibeba, wakizaa njiani. Majina yao hayakuandikwa popote.

Hatusemi kwamba Kleist Sykes alipora ghala la mtu. Twasema kwamba jeshi alimokuwa lilikula chakula cha wenye njaa, na kwamba aliye askari hawezi kutenganishwa kabisa na jeshi lake. Basi tumwambieje askari wa namna hiyo? Twaona jibu la haki ni hili: asisifiwe kwa vita ile, wala asihukumiwe kwa vita ile. Asifiwe kwa uvumilivu wake kama aliuonyesha, na vita yenyewe iitwe kwa jina lake. Tuyaseme yote mawili pamoja. Akili yenye kuweza kubeba kweli moja tu kwa wakati mmoja haifai kuandika wasifu wa mtu.

Mjini Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi waliokuwa upande wa Waingereza. Kwa hiyo mtu huyu tunayemtaja hakuwamo hata katika kumbukumbu hiyo, kwa kuwa alikuwa upande ulioshindwa. Ndivyo kumbukumbu za wenye nguvu zilivyo: humkumbuka aliyewafaa, na humkumbuka bila jina. Haki ya kukumbukwa kwa jina haitoki kwa serikali. Hutoka nyumbani.

Vita vilipokwisha, mshindi mpya alikuwa Mwingereza. Askari wa zamani wa Wadachi aliajiriwa katika kazi za ukarani, hasa Reli. Hapo twaona jambo la pili la kupima maisha ya mtu: si yale yaliyompata, bali alivyoyatumia. Kuandika, kuhesabu na kuweka utaratibu alikojifunza katika utumishi wa wageni, yeye alikugeuza kuwa chombo cha wenzake. Mwaka 1924 alifika Tanganyika Dk. Aggrey, mwalimu mashuhuri kutoka Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Kleist alionana naye, na yule mgeni aliwahimiza Waafrika waungane. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1929 kiliundwa Chama cha Waafrika, African Association, Cecil Matola akiwa rais wake na Kleist Sykes katibu wake. Waislamu na Wakristo walikuwamo pamoja, na watu wa makabila mbalimbali. Mwaka 1933 alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha chama cha Waislamu wa Tanganyika, Al-Jamiatul Islamiyya, kilichojishughulisha na elimu ya watoto wao.

Ukatibu si kazi ya utukufu. Katibu huandika barua ambazo mwingine hutia sahihi, huandika majina ya waliohudhuria, huhifadhi risiti. Lakini kila mwenye kukaa katika kamati ya kigango au ya shule ajua kwamba chama hufa au huishi kwa katibu wake.

Katika miaka ya 1940 aliiacha Reli akashika biashara. Leo neno hilo latamkwa kwa urahisi, bali siku zile Mwafrika kufungua duka mjini lilikuwa jambo gumu. Biashara karibu yote ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Tena kulikuwa na sheria ya mwaka 1931 iliyozuia Mwafrika kukopeshwa: mfanya biashara asiye Mwafrika aliyempa Mwafrika bidhaa kwa mkopo bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Sheria hiyo ilisemwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika asidanganywe, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka Mwafrika alikosa mkopo wa bidhaa, na biashara bila mkopo ni kama shamba bila mvua. Aliyesimama katika hali hiyo alisimama kwa akiba yake na kwa uaminifu wake.

Na biashara ina msemo wake ambao kila mwenye duka aujua: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ndio tunaotaka wasomaji wauchukue kutoka katika makala hii. Mwenye duka aandika kila senti, iliyoingia na iliyotoka, faida na hasara. Haandiki faida peke yake. Daftari la faida tupu ni daftari la mwongo, na duka lake halitakawia kufungwa. Sasa, je, maisha ya baba si mali kuliko sukari na sabuni? Mbona hayo hatuyaandiki? Au tukiyaandika, mbona twaandika faida tupu?

Kleist Sykes aliandika. Aliacha karatasi zenye habari za maisha yake mwenyewe, na jamaa yake ilizihifadhi. Karatasi hizo, pamoja na kumbukumbu za wazee, zilimwezesha mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, kuandika habari za babu yake katika kitabu Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973. Bila karatasi zile, mengi tuliyoyaeleza hapa yangalizikwa pamoja naye. Tena tuangalie ni nani aliyeandika: ni mjukuu wa kike. Wengi wetu hungojea mtoto wa kiume wa kwanza ndiye atunze mambo ya ukoo, na binti tukamwacha jikoni. Kumbe huenda kalamu iko mkononi mwake.

Na wanawe je? Abdulwahid na Ally walikuwa askari wa King's African Rifles katika Vita Kuu ya Pili, wakafika Burma. Kwa mara ya tatu mfululizo watu wa nyumba hiyo walichukua bunduki kwa ajili ya bendera isiyokuwa yao. Lakini waliporudi waliingia katika chama kile ambacho baba yao alikuwa katibu wake wa kwanza. Mwaka 1948 chama hicho kiliitwa Tanganyika African Association, na Abdulwahid akawa miongoni mwa viongozi wake mpaka mwaka 1953, Mwalimu Nyerere alipochaguliwa kuwa rais. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya chama iliyoko New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, TANU ilizaliwa. Kadi ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu. Ya pili ilikuwa ya Ally, na ya tatu ya Abdulwahid. Ndugu yao mdogo, Abbas, baadaye alikuwa balozi wa nchi yetu. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka mitano kabla ya siku ile.

Tazameni basi daftari hili likiwa limeandikwa lote. Babu alikuja na jeshi lililoiteka nchi. Baba alipigania dola hiyo hiyo, kisha akashika kalamu na duka. Wana walishiriki kuanzisha chama kilichoikomboa nchi. Ukifuta ukurasa wa kwanza kwa sababu ya haya, ukurasa wa mwisho hauna maana tena. Waonekana kama wema ulioota wenyewe. Lakini ukiziacha kurasa zote, kila kijana aliyezaliwa katika nyumba yenye doa aweza kusoma na kujua kwamba mtu hafungwi na mwanzo wake. Hiyo ndiyo faida ya kweli yote. Sifa tupu humpendeza msikilizaji siku moja, bali kweli humlea mjukuu.

Twajua lawama itakayokuja: "Huyo alikuwa mtu wa mjini, tena mwenye elimu. Baba yangu alikuwa mkulima tu, niandike nini?" Ndugu, andika kwamba alikuwa mkulima. Andika shamba lake lilikuwa wapi, nani alimpa, alilima nini mwaka wa njaa. Andika alivyomposa mama yako na nani alikuwa mshenga. Andika jina la mama huyo, na si kusema "ameacha mjane". Andika kazi iliyomshinda na jambo alilolijutia, kama mwenyewe alilisema waziwazi mbele ya watoto wake. Andika aliyemlea kama hakulelewa na wazazi wake. Hakuna haja ya lugha ya fahari. Daftari la shule latosha.

Na fanyeni upesi. Kijana aliyekwenda Burma akiwa na umri wa miaka kumi na minane mwaka 1944, leo angekuwa na umri wa miaka karibu mia moja. Karibu wote wamekwisha kwenda, na wengi wao walikwenda bila mtu kuwauliza hata neno moja. Walikaa barazani miaka mingi, medali ikiwa imefungwa katika kitambaa chini ya kitanda, na watoto wakipita mbele yao wakienda shuleni kujifunza historia. Wazee walioona uhuru wakiwa vijana nao wanaondoka. Hawa wangali nasi kwa kitambo kidogo.

Basi twaziomba jamaa zetu zifanye jambo moja, nalo si gumu. Jumapili ijayo, baada ya chakula, mtoto mmoja ajuaye kuandika na aketi karibu na mzee wa nyumba, baba au mama, babu au bibi, amwulize: "Nani alikulea?" Kisha asikilize, wala asimkatize, na ayaandike anayoambiwa. Siku ya maziko itakapofika, haitakuwa lazima kuandika wasifu usiku wa manane. Utakuwa umekwisha andikwa, na mwenyewe ndiye aliyeusema.